Bwindi: Anza na Batwa, Kisha Uende kwa Gorila

Ukikata kibali cha kuona gorila katika msitu wa Bwindi, usikate tarehe peke yake. Kata na upande. Hifadhi hii ya taifa, iliyoko kusini magharibi mwa Uganda na kupakana na Kongo, ina milango minne: Buhoma kaskazini, Ruhija mashariki, Rushaga na Nkuringo kusini. Kwenye ramani ni majirani. Barabarani, kutoka Buhoma hadi Rushaga ni saa kadhaa za kupanda na kushuka milima, na kila kibali ni cha mlango mmoja tu. Mgeni aliyelala Buhoma ilhali kibali chake ni cha Rushaga huamka asubuhi na kukuta wenzake wameshaingia msituni. Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, kabla ya kukodi gari, uliza kwanza: kibali hiki ni cha mlango upi?

Milango hiyo haifanani. Buhoma ndiko utalii wa gorila ulikoanzia mwaka 1993, na ndiko penye huduma nyingi zaidi: hospitali, nyumba za wageni za kila bei, na kambi ya kulala inayomilikiwa na wanakijiji wenyewe. Rushaga ina familia nyingi za gorila waliozoeshwa watu, hivyo ni rahisi kidogo kupata nafasi, na ni karibu zaidi kwa anayetokea Kigali au Kabale. Nkuringo ina mandhari ya kukutoa machozi na miteremko ya kuyaonea huruma magoti. Kama una miaka mingi au goti bovu, waachie wengine. Ruhija iko juu kuliko yote, baridi yake ni ya kweli, na wapenzi wa ndege huipenda kuliko milango mingine yote.

Kuhusu bei, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana nafuu ambayo wengi wetu hatuijui, na kwa kutoijua tunadhani Bwindi ni ya Wazungu. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2024, mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 800 za Marekani kwa kibali kimoja. Raia wa Jumuiya hulipa shilingi 300,000 za Uganda, yaani takriban sehemu moja ya kumi. Viwango hupitiwa upya kila baada ya muda, basi thibitisha kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo ofisi zake kuu ziko Kamwokya, Kampala, au kwa wakala mwenye leseni. Wakala akikutajia dola bila kukuuliza uraia wako, mwambie uraia wako na umwonyeshe pasipoti. Na pasipoti hiyohiyo uje nayo mlangoni siku yenyewe, kwa sababu watataka kuiona tena. Miezi ya ukavu, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, vibali huisha mapema sana. Aprili na Novemba utapata nafasi kwa urahisi, ila utatembea ndani ya tope.

Njia ni nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kutoka Kampala ni safari ya siku nzima kupitia Masaka na Mbarara. Anayekwenda Buhoma huendelea kupitia Rukungiri na Kihihi, anayekwenda Rushaga hupitia Kabale. Msafiri wa kutoka Bukoba huvuka Mutukula na kuingia barabara hiyohiyo pale Masaka. Kutoka Kigali ni karibu zaidi: unavuka Gatuna, unafika Kabale, na jioni uko ukingoni mwa msitu. Mabasi ya Kampala hufika hadi Butogota, mji mdogo wa mwisho kabla ya Buhoma, na kutoka hapo kuna bodaboda na teksi za kukodi. Kwa gari binafsi chukua gari la juu, na msimu wa mvua chukua la foo-wili. Toa fedha taslimu Mbarara, Kabale au Kisoro, na uwe na noti ndogondogo za shilingi. Ukingoni mwa msitu hakuna benki, na mama anayeuza vikapu hana chenji ya dola mia.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolipigania. Ratiba nyingi za wakala huweka gorila siku ya kwanza, kisha Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huu, mwishoni, saa moja hivi kabla ya gari kuondoka. Igeuze. Siku ya kwanza iwe ya Batwa, siku ya pili iwe ya gorila.

Sababu moja ni ya mwili tu. Baada ya kufuata gorila, miguu inauma, nguo zimelowa, na akili inataka kulala. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kumsikiliza mzee akieleza mti. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Mgeni anayeingia Bwindi mara ya kwanza huona ukuta wa kijani. Akitembea kwanza na Mtwa aliyezaliwa ndani ya msitu ule, ukuta unafunguka: gome hili ni la tumbo, mzizi ule ni wa kuliwa, nyuki wale wanarudi kwenye shimo la mti ule pale, kijia hiki kimelimwa na nguruwe-mwitu usiku wa jana. Kesho yake, ukimfuata askari wa hifadhi, utaona vitu ambavyo jirani yako kwenye mstari anavikanyaga bila kujua.

Na kuna haki pia. Batwa waliishi kwa kutegemea msitu huu kwa vizazi: waliwinda, walirina asali, walichimba viazi-mwitu. Walianza kubanwa enzi za ukoloni, sehemu za msitu zilipotangazwa kuwa hifadhi ya misitu mwaka 1932. Mwaka 1991 serikali ilipoifanya Bwindi kuwa hifadhi ya taifa, mlango ukafungwa kabisa, kama ilivyokuwa kwa wenzao wa hifadhi jirani ya Mgahinga. Hawakuwa na mashamba wala hati, kwa hiyo wengi wao hawakupata fidia. Waliishia kuwa wapangaji kwenye ardhi za watu, wakilima vibarua kwa ujira ambao mara nyingi ulikuwa chakula cha siku. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliwapa haki katika kesi waliyoifungua dhidi ya serikali. Gorila wameongezeka, na ni jambo la kushukuru: hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 iliwapata gorila 459 katika Bwindi na msitu wa Sarambwe ulioungana nayo upande wa Kongo, kati ya gorila wa milimani 1,063 waliopo duniani. Lakini ongezeko hilo lilikuwa na watu waliolilipia, na ukifika Bwindi utawakuta wamesimama kando ya barabara. Usiwapite.

Kuwatembelea kuna namna mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza ni ngoma ya nusu saa uani mwa hoteli, watu wakiruka kwenye mwanga wa taa huku wageni wakisubiri chakula. Ya pili ni matembezi ya saa tatu au zaidi ndani ya kipande cha msitu, wakiongoza Batwa wenyewe. Chagua ya pili. Buhoma kuna matembezi ya aina hiyo kwenye msitu ulio nje ya mpaka wa hifadhi. Upande wa Nkuringo kuna msitu mdogo wa Buniga. Na ukiwa na siku ya ziada, kule Mgahinga karibu na Kisoro kuna Njia ya Batwa, inayopita chini ya volkano na kuishia katika pango la Garama, ambamo kinamama huimba gizani na sauti inajaa pango zima kabla hujajua inatoka wapi.

Kabla ya kulipa, muulize wakala au mwenye hoteli: fedha hizi anapokea nani? Kuna shirika au kikundi cha Batwa chenye akaunti yake, au zinaingia mfuko wa mwenye hoteli na wao wanapewa bakshishi? Anayeongoza ni Mtwa, au ni mtu mwingine anayewaelekeza wafanye hiki na kile? Jibu likiwa la kubabaisha, tafuta kwingine. Uliza pia kuhusu mkalimani. Batwa wa huku wanazungumza Kikiga au Kifumbira, na Kiswahili si lugha ya kila nyumba katika milima hii ya Kigezi. Askari wengi wanakijua, lakini bibi mwenye umri wa miaka 70 huenda asikijue. Jifunze angalau salamu. “Agandi?” ni habari, jibu lake ni “ni marungi.” “Webare” ni asante. Mzee akikupa mkono, upokee kwa mikono miwili, usianze na kamera.

Katika matembezi mazuri utaonyeshwa moto. Tazama kwa makini, kwa sababu ni kazi ya ustadi inayofanywa haraka. Mzee anapiga magoti, anaweka kijiti kilicholala chini ya mguu na kusimamisha kingine juu yake, kisha anakipekecha katikati ya viganja. Viganja vinashuka taratibu kadiri vinavyosugua. Vikikaribia chini, mwenzake anadaka kijiti juu kabla hakijasimama, na wa kwanza anapumzika. Unga mweusi unakusanyika penye mkato. Moshi unatoka mwembamba kama uzi. Ndipo ule unga wenye cheche unamiminwa kwenye bonge la nyasi kavu, mtu analishika kwa mikono miwili na kulipuliza kwa pumzi ndefu, si kwa nguvu, mpaka liwake. Baada ya hapo usipige makofi na kuondoka. Uliza: mvua ikinyesha wiki nzima mlifanyaje? Nani alibeba moto mlipohama? Maswali ya namna hiyo humfanya mzee akae chini. Waliotolewa msituni wakiwa watu wazima sasa wote wamevuka miaka 50, na wanaojua kujibu kutokana na maisha yao wenyewe wanapungua kila mwaka.

Uliza na ya leo. Watoto wanasoma wapi, ardhi wanayolima ni ya nani, wanatibiwa wapi. Hawa si watu wa makumbusho. Usiwaite mbilikimo, usisimame nao bega kwa bega kupima urefu, wala usiombe mtu avue shati avae magome ya mti ili picha ipendeze. Picha iombwe kila mara, na mtu akikataa, amekataa. Watoto usiwagawie pipi wala sarafu barabarani. Hilo huwafanya waache darasa ili wavizie magari. Kama una cha kutoa, pale Buhoma kuna Hospitali ya Jamii ya Bwindi, iliyotokana na huduma ya tiba ambayo daktari Mmarekani Scott Kellermann aliianzisha kwa ajili ya Batwa, na ambayo leo inahudumia eneo zima. Na nunua kikapu kwa bei waliyoitaja, au punguza kidogo kama ulivyozoea sokoni, lakini usikandamize bei mpaka ya siku mbili za kusuka igeuke ya soda.

Usiku wa kuamkia siku ya gorila, jisikilize. Kama una mafua, kikohozi, homa au tumbo la kuendesha, usiende. Najua inauma ukishalipa, ndiyo maana nasema uulize masharti ya kurudishiwa fedha au kubadilishiwa tarehe siku ileile unapokata kibali. Magonjwa yetu yanawaingia gorila kwa urahisi sana. Mwaka 1996 familia moja ya gorila hapa Bwindi ilipata upele uliotokana na binadamu, na mtoto mmoja akafa. Tangu hapo madaktari wa wanyama, akiwemo Gladys Kalema-Zikusoka aliyeushughulikia ugonjwa ule na baadaye, mwaka 2003, kuanzisha shirika la afya ya watu na wanyama pamoja, wamekuwa wakisisitiza jambo moja: afya ya kijiji na afya ya msitu haziachani. Ndiyo sababu utavaa barakoa, utakaa mita 10 kutoka kwa gorila, na mtoto wa chini ya miaka 15 hataruhusiwa kabisa.

Mavazi yasikuumize kichwa, ila usiyadharau. Suruali ndefu iliyoingizwa ndani ya soksi ndefu, kwa sababu siafu wa Bwindi hupanda kimya na kuuma kwa pamoja. Shati la mikono mirefu. Koti la mvua hata jua likiwa kali, maana mvua ya huku haibishi hodi. Buti zilizokwisha kuzoea mguu wako. Buti mpya zitakutoa malengelenge kabla ya saa sita. Glavu nene za kazi ya bustani zitakusaidia unaposhika mimea yenye miiba na majani yanayowasha. Maji lita mbili, chakula cha mchana, na mfuko wa plastiki wa kufungia simu.

Mlangoni ufike saa moja na nusu asubuhi. Kina mama wa kijiji huimba, askari anatoa maelekezo, kisha mnagawanywa katika vikundi vya watu wasiozidi wanane, kikundi kimoja kwa familia moja ya gorila. Hapa ndipo pa kusema ukweli kuhusu miguu yako. Askari wanajua familia ipi jana ililala karibu na ipi imepanda mlima. Ukiwaambia mapema, kwa adabu, kwamba una goti au una presha, watajitahidi kukupanga vizuri. Ukikaa kimya kwa aibu, utakwenda popote.

Chukua mpagazi. Nasema hivi hata kwa vijana wenye nguvu. Bei ya kawaida ni kati ya dola 15 na 20, naye atakubebea begi, atakuvuta penye utelezi na kukusukuma penye mwinuko. Zaidi ya hayo, wengi wao ni watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, na mtu anayelipwa kwa ajili ya gorila hana sababu ya kutega mitego msituni. Kwa wazee na wenye ulemavu kuna machela. Wakiga wa milima hii tangu zamani wana vikundi vya engozi, vyama vya kubebana wagonjwa milimani kufikia barabara, na ustadi huohuo sasa hubeba wageni hadi kwa gorila na kuwarudisha. Wenyewe huiita helikopta. Kama unampeleka mama yako mwenye miaka 75, iulizie mapema ili watu wa kutosha wakusanywe.

Wafuatiliaji wanakuwa wametangulia alfajiri. Wanaanzia pale familia ilipoonekana jana jioni, wanatafuta viota, kwa maana gorila hujenga kiota kipya kila usiku, kisha wanafuata njia mpya na kuwasiliana na askari wenu kwa redio. Askari wa mbele na wa nyuma wana bunduki kwa ajili ya tembo, na kwa kawaida hupiga hewani kuwatisha tu. Mnaweza kutembea dakika 40, mnaweza kutembea saa sita. Usimuulize askari kila baada ya kona “bado?” Tembea, tazama miti aliyokuonyesha Mtwa jana, pumua.

Mkikaribia, mabegi na fimbo vinabaki na wapagazi. Barakoa inavaliwa. Askari anaanza kuguna kwa sauti nzito ya kooni, na mara kutoka kwenye kichaka inajibiwa kwa mguno uleule: wamewatambua, wametulia. Una saa moja, haiongezwi. Ushauri wangu ni kwamba dakika kumi za kwanza simu ikae mfukoni. Tazama pua. Kila gorila ana mikunjo yake juu ya matundu ya pua, na kwa mikunjo hiyo wahifadhi hujua huyu ni nani na yule ni nani. Ukiiona mara moja, kundi halitakuwa tena kundi, litakuwa watu wa nyumba moja. Baba wa familia, mwenye mgongo ulioota mvi, atakuwa pembeni akila kana kwamba hamjafika. Mtoto akikujia, rudi nyuma wewe, usimngoje akuguse. Baba akija kwa kishindo, chuchumaa, tazama chini, usikimbie kabisa. Askari wanajua la kufanya. Picha piga bila flashi. Kikohozi kikikubana, geuka na ukohoe ndani ya kiwiko. Na ukishikwa na haja kubwa msituni, mwambie askari. Litachimbwa shimo la sentimita 30 na kufukiwa.

Mkirudi, mlipe mpagazi wako mkononi, palepale, na bakshishi ya wafuatiliaji mpe kiongozi wa msafara mbele ya wenzake ili ijulikane. Usipange kuondoka alasiri hiyo. Msafara ukichelewa msituni hadi saa kumi na moja, utajikuta kwenye kona za Kigezi usiku, penye ukungu na malori. Lala, oga maji ya moto kama yapo, uondoke asubuhi.

Mwenye siku ya tatu na macho ya ndege aende Ruhija, ashuke hadi kinamasi cha Mubwindi. Ni njia ya kushuka kwa furaha na kupanda kwa jasho, lakini huko hupatikana ndege adimu wa milima ya Bonde la Ufa la Magharibi, wakiwemo wale ambao watu hutoka Ulaya kwa ajili yao peke yao. Kibali chake ni tofauti na cha gorila na ni cha bei nafuu. Kiulizie siku unapolipia kile cha gorila, na omba mwongozaji anayejua sauti, kwa sababu huko ndege husikika muda mrefu kabla hajaonekana.